Kutoka Zigi hadi bwawa la Amani kwa miguu: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Kila baada ya wiki chache mimi na jamaa wachache wa Tanga mjini huenda Amani, wilayani Muheza. Tunaingia msituni pale Zigi, tunapanda taratibu hadi juu, na tunamalizia kwenye bwawa dogo lililotulia katikati ya miti. Sisi si kampuni na hatumtozi mtu. Ni watu wanaojuana, kila mmoja anajilipia. Ila safari ikikaribia simu yangu hujaa maswali yale yale, nami nimeona niyajibu hapa kwa urefu, ili anayetaka kwenda nasi, au kwenda na watu wake, apate pa kuanzia.

Ni ziwa au ni bwawa?

Ni bwawa, tena dogo. Wapo wanaosikia habari za maji juu ya mlima wakafikiria ziwa la kupigia makasia, wakifika wanauliza, "Ndilo hili?" Basi nasema mapema: ukisimama ukingoni unaliona lote. Lakini keti. Nyamaza dakika kumi. Vyura walionyamaza ulipokuja wataanza tena mmoja mmoja, na kerengende watarudi kutua kwenye majani.

Ukienda mvua zikiwa zimeanza, chuchumaa uangalie majani yanayoinamia maji. Kwenye jani moja utaona ute unaong'aa kama mlenda, ndani yake vitone vidogo. Hayo ni mayai ya chura. Amani kuna vyura wadogo sana, urefu wao haupiti kiungo cha dole gumba, nao hutaga juu ya jani badala ya majini. Viluwiluwi vikikomaa vinateleza na kudondoka moja kwa moja bwawani. Mama mmoja tuliyekwenda naye alikaa pale karibu nusu saa, chapati mkononi, hajaimega. Alipoinuka aliniambia, "Mwanangu, nimezaliwa Muheza na sijawahi kuliona hili." Ndiyo sababu tunakwenda.

Safari ni ngumu kiasi gani?

Ni ya wastani. Zigi iko kama mita 450 juu ya usawa wa bahari, na Amani yenyewe kama mita 900, kwa hiyo unapanda mita mia nne na ushei ndani ya kilomita zisizofika kumi. Hakuna mahali pa kukwea kwa mikono. Kuna mizizi, kuna mawe yenye utelezi, kuna vipande vya mwinuko ambavyo mtu anaacha kuzungumza mpaka avimalize.

Kinachowachosha watu wa pwani ni unyevu zaidi kuliko mlima. Chini ya miti mikubwa upepo haupiti, shati linalowa jasho na halikauki. Ukizoea kutembea kilomita tano kwa saa barabarani, hesabu mbili, au mbili na nusu, ukipanda msituni. Sisi huchukua saa tatu hadi nne kupanda, na mapumziko ndani yake. Anayetaka kufika haraka apande gari.

Mimi si mtu wa mazoezi. Nitaweza?

Jipime hivi. Hapa Tanga mjini, toka mtaa wa Ngamiani asubuhi, tembea hadi Raskazone, rudi kwa miguu bila kuita bajaji. Fanya hivyo mara tatu ndani ya wiki mbili. Kama siku ya tatu unarudi na bado una hamu ya kupika chakula cha mchana, utaweza. Kama magoti yanauma, tuambie kabla. Tutakwenda na wewe kwa gari hadi Amani, kisha utatembea kule juu kwenye njia fupi, na bwawa utaliona vilevile. Hakuna aibu yoyote.

Mwenye pumu, presha au kisukari abebe dawa zake mwilini, si kwenye begi lililobaki kwenye gari, na amwambie mtu mmoja kikundini.

Kwa nini tuanzie Zigi wakati gari linafika Amani?

Swali hili nalipenda. Sababu ya kwanza ni msitu wenyewe. Zigi uko kwenye joto, kuna mivule na miti ya nyanda za chini. Ukipanda unaona miti inabadilika: unakutana na mnyasa, mtambara, na msambu wenye matunda makubwa yanayoning'inia, ambayo mbegu zake watu hukusanya kwa ajili ya mafuta. Hewa inapoa. Katikati ya safari mtu anavaa sweta alilokuwa analilalamikia asubuhi. Kwa gari hayo yote yanapita dirishani.

Sababu ya pili ni maji. Mto utakaousikia upande mmoja wa njia ni Zigi. Maji yake yanateremka hadi bwawa la Mabayani, na kutoka pale yanasafishwa na kuletwa Tanga mjini. Kwa maneno mengine, ukiwa unapanda unafuata bomba la nyumbani kwako kinyumenyume. Hapa Tanga tunalalamika maji yakija na tope, na tuna haki ya kulalamika. Lakini wachache wamekwenda kuona yanakotoka. Ukisimama kwenye kijito cha juu baada ya mvua kubwa usiku, ukakuta maji chini ya msitu ni meupe, halafu ukatazama mfereji unaotoka kwenye shamba lililolimwa mpaka ukingoni, mwekundu kama chai ya maziwa, hutahitaji mtu akueleze kwa nini miti ile isikatwe. Mimi nilielewa siku ile, nikiwa mtu mzima, baada ya kunywa maji hayo miaka yote.

Na pale Zigi kuna jengo la kale la stesheni. Wajerumani walijenga tawi la reli hadi pale, na nyumba ya msimamizi wa stesheni bado imesimama, ndiyo iliyofanywa kituo cha maelezo kwa wageni. Fika mapema ulitazame.

Twende mwezi gani?

Januari na Februari, au Juni hadi Septemba. Masika, Machi hadi Mei, barabara ya udongo kutoka Muheza inakuwa mbaya, magari yanakwama na njia za msituni zinateleza kama zimepakwa sabuni. Vuli, Oktoba hadi Desemba, inawezekana, na vyura ndio wanaimba zaidi, ila uwe tayari kulowa.

Kumbuka Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Hata mwezi wa kiangazi inaweza kunyesha mchana. Usiangalie mbingu ya Tanga ukaamua kuacha koti la mvua.

Tunakwenda Jumamosi. Ijumaa wengi wetu tuna sala ya jamaa na Jumapili wengine wana ibada. Ramadhani hatuendi.

Tunafikaje?

Kutoka Tanga mjini hadi Muheza ni barabara ya lami, magari yapo mengi kuanzia alfajiri. Muheza hadi Zigi ni kama kilomita 25 za barabara ya vumbi, na hapo ndipo mipango ya watu huharibika. Magari ya abiria ya kwenda Amani ni machache na yanafuata saa zake. Mkiwa wanane au zaidi, kodini gari zima, mkubaliane bei ya kwenda na kurudi kabla hamjapanda, na mkubaliane pia litawasubiri wapi: mnashuka Zigi, lenyewe linapanda Amani kuwangoja. Mkiwa wawili, bodaboda kutoka Muheza inafika, lakini mgongo utakukumbusha siku mbili.

Anayetoka Dar es Salaam ashuke Muheza, asije hadi Tanga kisha arudi nyuma.

Tuanze saa ngapi?

Tanga tunatoka saa kumi na moja alfajiri. Saa mbili na nusu tunataka tuwe tumekwisha kujiandikisha na miguu iko njiani.

Watu huona ni ukali, basi niseme kilichotupata. Mara moja gari tulilokodi, lililoahidiwa saa kumi na mbili, lilikuja saa tano kasoro. Nilipaswa kusema "leo basi". Sikusema, kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kupika na watoto walikuwa wamevaa. Tulianza kupanda saa saba mchana. Msituni giza halingoji magharibi. Saa kumi na moja na nusu, chini ya miti ile, nilikuwa siioni tena rangi ya kanga ya aliyekuwa mbele yangu. Tulikuwa na tochi moja na simu mbili zenye chaji. Binti wa miaka tisa alishika mkanda wa begi langu na hakuuachia mpaka tulipofika. Hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku ile tuna kanuni mbili: ikifika saa nne asubuhi hatujaanza, tunapanda kwa gari na kutembea juu tu, na kila mtu, hata mtoto, ana tochi yake.

Kuna kiingilio?

Kuna. Amani ni hifadhi ya mazingira asilia, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ilitangazwa mwaka 1997, na ndiyo ya kwanza ya aina hiyo nchini. Raia wa Tanzania analipa kidogo kuliko mgeni, hivyo njoo na kitambulisho chako. Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali (control number), kwa simu au benki, usikabidhi fedha mkononi bila risiti. Viwango hubadilika, kwa hiyo uliza kabla ya kutoka. Weka salio kwenye simu ukiwa bado Muheza.

Lazima tuwe na mwongozaji?

Chukueni. Njia zinagawanyika, na vibao vingine vimeliwa na mchwa. Zaidi ya hapo, macho ya mwenyeji ni kitu kingine kabisa. Unapita mbele ya tawi mara mbili huoni kitu, mwongozaji anasimama, ananyoosha kidole, na pale kuna kinyonga mwenye pembe tatu anayesogea kama jani linalopepea. Kinyonga huyo ni wa milima hii na mingine michache ya Tanzania. Mwongozaji tunayekwenda naye ni kijana wa kijijini na huwa tunampa pesa ya shukrani mkononi kabla hatujaagana, pamoja na chakula. Msimpunje.

Tuvae nini?

Suruali ndefu, soksi ndefu, na raba zenye meno chini. Ingiza suruali ndani ya soksi hata kama unaona haipendezi, siafu hawajali kupendeza. Kina dada wanaopenda kuvaa dera wavae suruali ndani na wakunje dera kiunoni njiani. Tukikaribia vijiji wanaliteremsha. Kanga mbili usiziache nyumbani: moja ya kukalia, moja ya kujifunika baridi ikija. Hamna haja ya vifaa vya bei kubwa. Nimeona mzee wa huko akitupita kwenye mwinuko na kandambili, amebeba mkungu wa ndizi.

Chakula?

Chakula kisichohitaji moto, maana moto msituni ni marufuku. Chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, kashata, machungwa ya Muheza yanunuliwe asubuhi mnapopita. Usibebe wali wa nazi. Joto la njiani litauchachusha kabla ya saa sita. Maji, lita mbili kwa kila mtu mzima, na kidogo chumvi na sukari za kuchanganya kwa atakayelegea.

Maganda ya mayai na ya machungwa yanarudi nyumbani pia. Watu husema yataoza. Yataoza, lakini kabla hayajaoza yatawazoesha kima kufuata watu.

Maji ya mto yananyweka?

Yakichemshwa. Usinywe hivi hivi hata yawe safi namna gani kwa macho. Juu kuna vijiji, mifugo na mashamba.

Tunaweza kuogelea bwawani?

Hapana, na hata miguu msitie. Kichocho kipo mkoani kwetu. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji baridi yaliyotuama, vikaelea, vikapenya ngozi bila wewe kuhisi. Sina haja ya kukutisha, ugonjwa unatibika, lakini kuukwepa ni rahisi zaidi: kaa ukingoni.

Tena wafikirie wale vyura. Ngozi ya chura hupitisha vitu; sabuni, dawa ya mbu, mafuta ya kujipaka, vyote vinaingia mwilini mwake. Anayetaka kutawadha achote maji kwenye chupa, asogee mbali na ukingo, atawadhe kule. Adhuhuri huwa inatukuta juu. Mwenye mswala mwepesi aubebe.

Na nyoka?

Wapo, kama ilivyo msitu wowote wa kwetu. Miaka yote hii nimeona wanne, watatu kati yao mikia tu ikipotea. Wa kujihadhari naye zaidi ni kifutu, kwa sababu hakimbii. Hulala kimya kwenye majani makavu akitegemea hutamwona. Kwa hiyo kanyaga unapopaona. Ukifika kwenye gogo, panda juu yake kwanza utazame upande wa pili, ndipo ushuke. Usitie mkono kwenye shimo.

Akigongwa mtu: mkalisheni, mvueni pete na viatu, kiungo kisitikiswe, kifungeni kwenye kijiti kama mnavyofunga mfupa uliovunjika, kisha mbebeni hadi kwenye gari na moja kwa moja Hospitali Teule, Muheza. Msichanje, msinyonye, msikaze kamba. Najua wazee wetu walifanya hivyo. Kamba iliyokazwa imewakatisha watu miguu.

Tutaona wanyama gani?

Msije mkitarajia tembo. Mtaona mbega weusi wenye mabega meupe wakiruka juu, mtasikia hondohondo kabla ya kuwaona, mabawa yao yakivuma kama mtu anayepepeta mchele. Vipepeo ni wengi sana, na wapo wanakijiji waliowahi kuwafuga na kuuza. Wapenda ndege huja kutoka nchi za mbali kumtafuta ndege mmoja mdogo wa rangi ya majivu, Artisornis moreaui, aliyepewa jina la Reginald Moreau aliyefanya kazi Amani miaka ya 1930. Mimi nimemsikia mara mbili na kumwona mara sifuri, bado namtafuta.

Naweza kuchukua mche wa ua nikaoteshe nyumbani?

Usichukue. Nitalisema hili kwa kirefu kidogo kwa sababu linaniuma.

Kwenye miamba ya kivulini, karibu na vijito, kuna ua dogo la zambarau, majani yake manene yenye manyoya laini kama sikio la mtoto wa mbuzi. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaliandika kwa jina la Saintpaulia. Leo wazao wake wako madirishani dunia nzima, katika rangi ambazo milima hii haijawahi kuziona. Na hapa kwetu, penye asili yake, limebaki kwenye vipande vya miamba vinavyohesabika. Mwaka fulani kijana katika kikundi chetu aling'oa mawili akayaficha kwenye chupa. Nilijua tumekwisha kufika Muheza. Yalikufa ndani ya wiki, kwa sababu joto la Tanga si lao. Nilipopita tena mwezi uliofuata, kwenye ule mwamba palikuwa na alama mbili tupu, saizi ya sahani, na kuvumwani ilikwishaanza kukauka. Bado hayajaota tena.

Anayetaka mmea aende kwa wanaootesha miche vijijini, aulizie iliki au mdalasini. Hiyo atapata kwa halali, na mwenye shamba atafurahi.

Vijijini tunajiendeshaje?

Kama nyumbani kwa mjomba. Shikamoo kwa kila mtu mzima, hata kama pumzi imekatika. Usipige picha ya mtu, nyumba yake au mtoto wake bila kuomba. Nunueni kitu: iliki, karafuu, pilipili manga, mdalasini, vyote vinalimwa huko na ni vizuri kuliko vya sokoni mjini. Msiombe bei ishuke hadi mtu aone aibu.

Watoto?

Kuanzia miaka minane, anayetembea mwenyewe bila kubebwa. Kila mtoto na mtu mzima wake.

Mtandao upo?

Unakuja na kupotea. Mwambie mtu nyumbani mtarudi saa ngapi, na simu moja kikundini ikae imezimwa hadi ihitajike.

Tunaweza kulala huko huko?

Ndiyo, zipo nyumba za wageni za hifadhi, Zigi na Amani. Pigeni simu kabla, na semeni idadi yenu ili mpikiwe. Ukilala Amani utaamka na ukungu umeingia hadi kibarazani, na asubuhi mnaweza kupanda kilima cha Mbomole bila haraka. Mwezi wa saba chukua blanketi.

Tunarudije?

Saa tisa alasiri gari linaondoka Amani, na hatungoji picha ya mwisho. Muheza tunasimama kwa ajili ya chai na anayetaka machungwa. Wengi husinzia kabla ya kufika lami, kwa hiyo aliyekaa mbele na dereva ana kazi moja: kumsemesha.